Chatu jike msimu wa kupandana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mabadiliko ya mwili wake

Wengi wanaouliza maswali haya wanafuga chatu mpira, yule chatu mfupi mnene wa Afrika Magharibi anayejikunja duara na kuficha kichwa akiogopa. Ni mmoja wa nyoka wanaofugwa sana majumbani Ulaya na Marekani, na Waswahili walioko huko nao wamo. Kwa hiyo majibu yote hapa ni yake yeye, isipokuwa pale mwingine anapotajwa kwa jina.

Shika jambo moja kabla hujaendelea: dalili moja peke yake haikwambii kitu. Kukataa chakula kunaweza kuwa mayai, kunaweza kuwa baridi, kunaweza kuwa nimonia. Kinachokwambia ni mfuatano: nini kilitangulia, ilikuwa tarehe ngapi, na siku hiyo mizani ilisoma gramu ngapi. Mwenye daftari na mizani ya jikoni ya dijitali anajua hali ya chatu wake kuliko mwenye picha mia kwenye simu.

Msimu wenyewe ni lini?

Porini, huko Ghana, Togo na Benin, chatu mpira hupandana kuanzia katikati ya Septemba hadi Novemba, na majike hutaga kati ya Februari na Aprili. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huanza Oktoba au Novemba kwa kuacha joto la usiku lishuke hadi nyuzi 24 hivi, kisha huendelea kuwakutanisha dume na jike mpaka Machi. Ila chatu wa kizimbani hafungwi na ratiba hiyo. Nyumba yenye joto lile lile mwaka mzima inaweza kumpa jike anayetaga Julai, na hilo si ugonjwa.

Nina hakika gani kwamba ni jike?

Kama umeambiwa tu na aliyekuuzia, huna. Majike wakikomaa huwa wakubwa kuliko madume, lakini dume mnene humpita jike mwembamba. Vile vijikucha viwili pembeni mwa tundu la haja wote wanavyo. Kipimo cha kuaminika ni kijiti chembamba butu cha chuma kinachoingizwa taratibu nyuma ya tundu, kuelekea mkiani: kwa jike kinaishia magamba 2 hadi 4, kwa dume kinakwenda 7 hadi 10. Mwachie daktari au mfugaji mzoefu, maana ukisukuma kwa nguvu unamtoboa. Na "madume" yaliyokuja kutaga mayai ni mengi kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri.

Akiwa na umri gani mwili wake huanza mambo haya?

Uzito una nguvu kuliko umri. Wafugaji makini husubiri afike gramu 1,500 na miaka mitatu hivi. Jike mdogo anaweza kutengeneza mayai kabla ya hapo, na hapo ndipo taabu nyingi za kutaga zinapoanzia. Mnene kupita kiasi naye ana taabu zake, kwa hiyo usikimbilie kumjaza panya ili afikie namba.

Yuko peke yake, hajawahi kuona dume. Mbona naye anabadilika?

Mayai hayangoji dume. Vijiyai hukua kwa sababu ya afya, lishe na mabadiliko ya joto, dume awepo asiwepo. Mara nyingi jike asiyepandwa hufika katikati ya safari kisha mwili wake huvifyonza vijiyai na mambo yakaisha kimyakimya: uzito unabaki, hamu ya kula inarudi, na wewe unabaki kujiuliza ulikuwa na wasiwasi wa nini. Mara chache hutaga kabisa.

Dalili ya kwanza kabisa ni ipi?

Njaa. Jike aliyekuwa akila kwa kujivuta anaanza kukusubiri jioni, kichwa nje ya pango lake, ulimi haupumziki. Mwili unakusanya mafuta ya kutengenezea viini. Ndani yake vijiyai, vinavyoitwa folikuli, ambavyo kwa kawaida havifiki milimita 10, vinaanza kukua, na kabla ya kushuka hufika karibu milimita 40. Jike mwenye folikuli sita au saba za ukubwa huo hawezi kuficha.

Ukimtazama kwa juu utaona anajaa kuanzia katikati kwenda nyuma, na akijikunja ngozi nyeupe iliyo kati ya magamba inaonekana. Rangi nayo hubadilika kwa baadhi yao: kahawia inafifia kuwa ya dhahabu, weusi unaelekea kijivu, siku nyingine anang'aa kana kwamba amejivua gamba jana. Wengine hawabadiliki rangi hata kidogo. Rangi iandike daftarini, lakini usiitegemee.

Halafu anaanza kutafuta baridi. Anahama upande wenye joto na kulala upande wa pili, mara nyingi akiwa ameuzungusha mwili kwenye bakuli la maji. Hapo watu wengi hushtuka na kuongeza joto la kizimba kizima, na hilo ndilo kosa. Mwache awe na mahali pa nyuzi 31 hadi 33 na mahali pa nyuzi 25 hadi 27, achague mwenyewe.

Lakini kuzunguka bakuli na kuzama ndani ya bakuli ni vitu viwili. Akiwa anajizamisha kutwa, mwangalie kidevuni, kwenye ule mfereji mdogo chini ya taya, na pembeni mwa macho. Vidoti vyeusi vinavyotembea ni utitiri, na maji ya bakuli yatakuwa navyo vimekufa chini. Huo hauna uhusiano na mayai, na dawa yake ni tofauti kabisa.

Nimemkuta amelala chali, tumbo juu. Anakufa?

Ukimgusa akajigeuza haraka na kutoa ulimi, hafi. Majike wenye folikuli kubwa au mayai hulala ubavu au chali, sehemu ya nyuma ikiwa imegeuzwa huku kichwa kikiwa sawa. Inatisha, hasa mara ya kwanza usiku wa manane ukiwa na tochi ya simu. Kinachotakiwa kukutia hofu ni nyoka asiyeweza kujigeuza, anayetazama juu angani kama aliyepoteza fahamu, au anayepumua mdomo wazi. Huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Amekataa kula wiki kadhaa sasa. Nifanye nini?

Rudi kwenye daftari. Kama kabla ya kukataa alikula sana, akajaa, akaanza kukumbatia bakuli, basi kukataa huku ni hatua inayofuata tu: folikuli zimekuwa kubwa na tumboni hakuna nafasi. Jike mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula kuanzia hapo mpaka baada ya kutaga, na mizani isishuke kwa kiasi cha kutisha. Mpe panya mdogo kuliko kawaida mara moja moja; akikataa, mwondolee. Usimlazimishe, na usimwachie panya hai kizimbani usiku, kwa sababu panya mwenye njaa humtafuna nyoka.

Kama hakuna lolote lililotangulia na uzito unapungua kila wiki, au anatoa mapovu mdomoni au anakoroma anapopumua, achana na habari za mayai. Kwanza pima joto kwa kipimajoto cha kweli, si kile cha kubandika ukutani, kisha mtafute daktari.

Naweza kumpapasa tumbo nihesabu vijiyai?

Wafugaji wa siku nyingi hufanya hivyo, wakimpitisha jike juu ya vidole na kuhisi vifundo vikipita kimoja kimoja. Ushauri wangu ni uache. Folikuli iliyokua ina ngozi nyembamba sana, na ikipasuka kiini kinamwagika ndani ya tumbo na kuleta uvimbe wa hatari. Mikono ya anayejifunza hubonyeza zaidi ya inavyodhani.

Ultrasaundi inakupa jibu zuri zaidi. Daktari hupaka jeli, hupitisha kifaa, na mnaona pamoja zile duara nyeusi zikiwa zimejipanga, pamoja na vipimo vyake kwa milimita. Ukiwa na vipimo viwili vilivyopishana mwezi mmoja utajua kama zinakua, zimesimama au zinafyonzwa. Piga simu kwanza uulize kama daktari huyo hutibu reptilia. Wengi hutibu mbwa na paka tu, na ni afadhali akwambie mapema.

Amevimba ghafla katikati ya mwili, na sijampa chakula!

Hii ndiyo siku yenyewe, na wengi huikosa kwa sababu hutokea wakiwa wamelala. Folikuli zote huachiwa kwa pamoja na kuingia kwenye mirija, na kwa saa chache, mara nyingi si zaidi ya siku nzima, jike huonekana kama aliyemeza embe dodo zima. Uvimbe unakaa katikati au nyuma kidogo ya katikati, umekaza, na anashindwa kujikunja vizuri. Wengine hujinyoosha kizimbani kote wakihangaika. Kesho yake uvimbe umeshuka na kutawanyika, na mtu asiyejua hudhani alikuwa na gesi.

Ukibahatika kuuona, piga picha kwa juu ukiwa umeweka rula pembeni, andika tarehe, kisha mwache. Usimshike, usimlishe, usimpeleke kwa dume tena. Mbegu zinazotumika sasa ni zile alizokwisha kuzihifadhi. Majike wa chatu huweza kuzitunza mbegu miezi kadhaa, na ndiyo sababu tarehe ya kupandwa haikusaidii kukisia siku ya kutaga. Hesabu ya kweli inaanza leo.

Kama uvimbe umekaa zaidi ya siku mbili au tatu pale pale, mgumu, upande mmoja, huo si huu.

Basi huo mwingine ni nini?

Mara nyingi ni choo. Chatu anayekunywa maji kidogo hukaukiwa, na ule mkojo mweupe mzito hugeuka jiwe karibu na tundu la haja. Uvimbe wa choo hukaa mwisho kabisa wa mwili, karibu na mkia. Mayai hukaa mbele zaidi na huwa mengi. Unene wa kawaida hauna vifundo, unajaza mwili mzima hadi mkiani, na mgongo unazama katikati ya nyama. Chakula cha juzi kinasogea nyuma siku hadi siku. Usaha na vivimbe vya saratani vinakaa mahali pamoja na kukua polepole, na huwa havijali msimu. Kama huwezi kutofautisha, picha ya eksirei inamaliza ubishi kwa dakika chache.

Baada ya uvimbe ule amejivua gamba. Lina maana?

Lina maana kuliko yote. Kujivua huku huja takriban wiki mbili hadi nne baada ya mayai kushuka, mara nyingi mapema kuliko zamu yake ya kawaida, na kuanzia siku gamba linapotoka unahesabu siku 30 hivi hadi kutaga. Wengine hutangulia siku chache, wengine huchelewa wiki moja na zaidi. Weka gamba lenyewe kwenye mfuko na uandike tarehe juu yake. Ni kumbukumbu isiyopotea simu ikiharibika.

Kipindi cha kujivua macho yake yatakuwa na ukungu wa bluu na hasira zake zitakuwa karibu. Ongeza unyevu kizimbani, kwa sababu jike mwenye mayai aliyekaukiwa hujivua vipande vipande, na aliyekaukiwa kweli kweli hutaga kwa taabu.

Zamani alitaka baridi, sasa haondoki kwenye joto. Kigeugeu?

Ni hatua nyingine. Kabla ya mayai kushuka alitafuta ubaridi. Yakishashuka anatafuta joto, kwa sababu vijusi vimeanza kukua akiwa bado anavibeba. Ukiona mabadiliko hayo mawili kwa mfuatano huo, una ushahidi mzuri hata kama siku ya uvimbe ilikupita.

Hatari yake ni moja: kuungua. Jike mzito asiyehama kwenye zulia la joto anaweza kuungua tumbo taratibu bila kushtuka. Thamostati, kifaa cha kudhibiti joto, ni lazima, na kihisio chake kikae pale tumbo linapogusa, si hewani. Ukiona magamba ya tumboni yamekuwa ya waridi au ya kahawia, au yana malengelenge, hiyo si rangi ya mayai.

Amekuwa mkali. Alikuwa mpole sana.

Mpishe. Akifoka na kujirusha anakwambia waziwazi, na kumzoesha mikono wakati huu hakuna faida. Usafi wa haraka, maji safi, mlango ukafungwa.

Nimwandalie nini cha kutagia?

Kasha la plastiki lenye tundu moja, lenye nafasi ya kumwezesha kujizungusha mara mbili, ndani yake makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa hadi yasidondoshe tone. Liwekwe upande wa joto wiki moja hivi baada ya gamba. Jike asiyepata mahali pa faragha huzungukazunguka, hujaribu bakuli la maji, hujaribu kona, na wengine huyazuia mayai. Yakitagwa ndani ya maji na kukaa humo, yameharibika.

Kutaga kwenyewe kunachukua muda gani? Na mangapi?

Saa kadhaa, kwa kawaida usiku au alfajiri. Mayai 4 hadi 6 ndiyo ya kawaida, ingawa wapo wa moja na wapo wa 11. Ni makubwa kuliko unavyotarajia, kila moja likikaribia gramu 90, na ganda lake ni laini mfano wa ngozi. Hushikamana yakikauka, kwa hiyo usiyabandue.

Usiku huo usifungue mlango kila nusu saa. Utajua amemaliza ukimkuta amejizungusha juu ya mayai yote, kichwa kimelala juu kabisa, ameyafunika hata huyaoni. Chatu mpira huyaatamia bila kuondoka, na kazi kubwa ya mkunjo huo ni kuzuia yasikauke. Chatu mkubwa wa Bama (Myanmar) ndiye hutetemesha misuli ili kupandisha joto. Ukimwona wa kwako akijikaza na kulegea kidogo, usitegemee joto kutoka kwake. Wanaoyahamishia kwenye mashine ya kutotolea huyaweka nyuzi 31 hadi 32, na watoto hutoka baada ya siku 55 hadi 60. Yai lisigeuzwe: weka alama ya penseli juu yake kabla ya kulinyanyua.

Mengine ni madogo, ya manjano, magumu. Nini hayo?

Mayai viza. Hayana mbegu au yaliharibika mapema. Jike wa mara ya kwanza hutaga viza pamoja na mazima, na asiyepandwa hutaga viza matupu. Ukiwa na shaka, weka yai gizani na umulike tochi kwa karibu: lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotandazwa chini ya ganda, lililo viza linaonyesha manjano tupu. Yai viza lililogandana na mazima si lazima litolewe. Mara nyingi huoza peke yake bila kuyadhuru yale mengine, na kulibandua ndiko hupasua jirani.

Ametaga matatu, na bado naona kifundo tumboni.

Hapa usicheze. Kama saa 24 zimepita, ameacha mayai yake na anatembeatembea, au anajikaza na hakuna kinachotoka, piga simu kwa daktari leo. Kama kuna nyama nyekundu imetokeza kwenye tundu la haja, funika kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi ya dukani au maji safi tu, na uondoke sasa hivi, usisubiri asubuhi.

Sababu ni nyingi: joto dogo, kukaukiwa, kukosa mahali pa kutagia, unene, udogo wa mwili, yai lililoharibika umbo, maambukizi. Unachoweza kufanya nyumbani ni kidogo na kina mipaka: hakikisha joto liko sawa, mpe kasha lenye unyevu, mwache na utulivu. Usikamue. Mtu anayesukuma yai kwa vidole kuelekea mkiani anaweza kupasua mrija, na yai likaingia tumboni. Kwenye mitandao utaona video za watu wakifanya hivyo na kushangiliwa. Nyoka aliyekufa wiki iliyofuata hawamwonyeshi.

Daktari atampiga picha, atampa maji na pengine kalisi. Sindano ya oksitosini, homoni ya kusukuma mayai, inayosaidia sana kasa, kwa nyoka matokeo yake ni hafifu, kwa hiyo usishangae asipoitumia. Wakati mwingine hunyonya maji ya yai kwa sindano ili lisinyae na kupita, ikishindikana, anapasua. Kadiri anavyoletwa mapema ndivyo upasuaji unavyokuwa njia ya mwisho badala ya njia ya kwanza, kwa sababu baada ya siku chache yai hugandana na ukuta wa mrija.

Ametaga salama, lakini amebaki mifupa. Ni kawaida?

Ni kawaida, na inasikitisha kutazama. Theluthi ya uzito wake inaweza kuondoka usiku mmoja. Mgongo unachomoza, ngozi ya nyuma inaning'inia kwa mikunjo mirefu, na mkia nao unaonekana mwembamba kuliko ulivyouzoea. Tundu la haja linaweza kubaki limelegea na wekundu kidogo kwa siku mbili tatu. Kisichokuwa kawaida ni harufu mbaya, majimaji yasiyokoma, au kulegea hata asiweze kujikunja mkononi.

Maji kwanza. Kisha, kama mayai yameondolewa, muogeshe kwa maji ya uvuguvugu na uoshe kizimba chote, pamoja na pango na bakuli. Harufu ya mayai ikibaki ataendelea kuatamia hewa na kukataa chakula wiki nyingi. Anza na panya mdogo, siku saba baadaye mwingine, halafu ongeza. Ukiacha mayai kwake, mwache hivyo hivyo mpaka yatotolewe. Wengine hula wakiwa juu ya mayai, wengi hawali.

Mimi nina nyoka wa mahindi, si chatu. Majibu ni haya haya?

Kwa sehemu tu. Nyoka wa mahindi hupandana majira ya kuchipua baada ya kupumzishwa baridini, na gamba lake la kabla ya kutaga liko karibu zaidi: siku 7 hadi 14 tu. Ukichelewa kuweka kasha, umeshachelewa. Hutaga mengi, 10 hadi 20 hivi, na haatamii. Akimaliza anaondoka zake na njaa yake inarudi upesi. Kwa kuwa ni mwembamba, mayai yanaonekana wazi ubavuni, na yai lililokwama pia huonekana mapema.

Na boa?

Boa, nyoka mkubwa wa Amerika, hatagi, hubeba watoto na kuwazaa. Naye huvimba siku moja, naye hujivua gamba baadaye, na kuanzia gamba hilo unahesabu siku 105 hivi hadi kuzaa. Miezi yote hiyo anakaa kwenye joto, amevimba nyuma, na mkia wake unaonekana kama umechomekwa. Kwake kumpapasa ni kubaya zaidi, kwa sababu aliye ndani ni mtoto.

Ni kweli nyoka anaweza kupata watoto bila dume?

Kweli, ingawa ni nadra. Mwaka 2012, katika bustani ya wanyama ya Louisville huko Kentucky, Marekani, chatu mrefu wa Asia aliyeitwa Thelma alitaga mayai 61 bila dume, na majike sita wakatoka. Na Julai 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu mpira aliyekadiriwa kuwa na miaka 62 alitaga mayai saba ilhali hakuwa karibu na dume kwa zaidi ya miaka 15. Kwa hiyo akitaga wa kwako anayeishi peke yake, mulika mayai kabla ya kuyatupa. Na usiseme "huyu ni mzee, mambo hayo yamekwisha".

Mke wangu ni mjamzito. Anaweza kuendelea kumhudumia?

Afadhali wewe umhudumie. Nyoka mwenye afya tele anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, kwenye ngozi na kinyesi, na msimu huu kuna majimaji na maganda ya mayai juu yake. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee na wenye kinga dhaifu wakae mbali na usafi wa kizimba. Bakuli la nyoka lisioshwe kwenye sinki la vyombo, hata kama mama mkwe hajaja.

Niko Nairobi, au Dar es Salaam. Naweza kumfuga na kumzalisha?

Usianze bila kibali. Kenya inasimamia jambo hili kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 kupitia KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), Tanzania kwa sheria ya 2009 ambapo wa kuulizwa ni TAWA (mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania), Uganda kwa sheria ya 2019 kupitia UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda). Chatu wote pia wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, chatu mpira akiwa Kiambatisho cha Pili, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji karatasi. Chatu aliyeokotwa shambani ni mnyamapori. Piga simu kwa wahusika, usimweke kwenye tangi.

Mwakani nimpandishe tena?

Angalia mizani. Asiporudi kwenye uzito aliokuwa nao kabla ya msimu, jibu ni hapana. Wengi hurudi baada ya miezi sita hadi minane ya kula vizuri, na hata hao mimi ningewapumzisha mwaka. Aliyewahi kukwama yai aulizwe daktari kwanza, na aliyepasuliwa asipelekwe kwa dume kabisa. Na kabla ya hapo, hesabu ni watu wangapi unaowafahamu wanaotaka kulea nyoka kwa miaka 20 au 30 ijayo. Kama wale sita wa mwaka huu bado wako kwenye makasha chumbani kwako, dume abaki kwake.